Tukate boriti ngapi bila kuumaliza msitu wetu wa mikoko?

SWALI: Assalam aleikum mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama na vijana huku Jomvu, Mombasa, ukingoni mwa hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara. Tunatunza kipande cha mikoko cha kama ekari 20. Sehemu moja ni msitu wa tangu zamani, sehemu nyingine tuliipanda wenyewe. Sasa kikundi kimegawanyika. Wazee wetu wanasema miti imekomaa, tukate boriti kidogo tuuze, tupate pesa za kununulia mizinga ya nyuki. Vijana wanasema isikatwe hata fito moja, tungoje pesa za kaboni, zile zinazolipwa kwa msitu unaoshika hewa ya ukaa. Mkutanoni niliulizwa swali nikakosa jibu: msitu wetu una miti mingapi, na tukikata, tukate mingapi kwa mwaka ili usiishe? Je, twaweza kupima wenyewe, au mpaka tulipe kampuni? (Katibu wa kikundi, Jomvu)

JIBU: Waalaikum salaam Bi Katibu. Naanza na la mwisho: mnaweza kupima wenyewe. Vifaa mtakavyohitaji havifiki bei ya mzinga mmoja wa kisasa, na hesabu yake ni ya kujumlisha na kugawanya. Kinachotakiwa ni uvumilivu wa kutembea kwenye tope na uaminifu wa kuandika mnachokiona hata kama hakiwafurahishi.

Ila maswali yako ni mawili, na jibu la la kwanza halijibu la pili. Ukijua miti mliyonayo ni mingapi bado hujajua mkate mingapi. Miti iliyosimama ni mtaji. Mnachoweza kula ni kile kinachoongezeka kila mwaka, yaani pau ngapi, miti myembamba kuliko boriti, zimenenepa mwaka huu zikawa boriti, ukitoa zilizokufa na zilizoibwa. Wazee wanatazama kilichosimama, vijana wanatazama kaboni, na sijasikia katika barua yako anayetazama ukuaji. Hapo ndipo ninapotaka kikundi chako kiweke nguvu.

Kabla ya panga kutoka alani, lazima niseme jambo la sheria. Mikoko ya pwani yetu ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, na chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 msimamizi wake ni KFS, shirika la misitu la taifa. Jamii inapata nafasi yake kwa kusajili chama cha jamii cha msitu, kisha chama hicho kutia saini mkataba wa usimamizi na KFS. Hata mche uliouchomeka kwa mkono wako mwenyewe huna ruhusa ya kuukata bila kibali, na tangu marufuku ya ukataji ya 2018 mambo ya vibali yamekuwa yakibadilika. Basi kitu cha kwanza ni kumuona afisa wa misitu wa eneo lenu, mjue mkataba wenu umefika wapi na kibali kinatolewa au la. Lakini kupima hakuhitaji kungoja kibali cha kukata. Tena mpango wa usimamizi wa msitu hauandikwi bila takwimu, na anayekwenda ofisini na daftari lake la vipimo husikilizwa tofauti na anayekwenda na malalamiko.

Na ujue mnashika kitu adimu. Mpango wa taifa wa mikoko wa 2017 hadi 2027 unataja hekta 61,271 za mikoko nchini Kenya. Zaidi ya nusu ziko Lamu. Kaunti ya Mombasa ina hekta 3,771 tu, kama asilimia 6, zote zikiwa zimezungukwa na watu, bandari na mabomba ya majitaka. Utafiti wa picha za satelaiti ulionyesha Kenya ilipoteza asilimia 18 ya mikoko yake kati ya 1985 na 2010. Huku kwetu, mahori ya Tudor na Mwache yameumia kuliko sehemu nyingi za pwani: kuni, nguzo za nyumba, moto wa kuchemshia pombe haramu, na tope linaloletwa na mvua kutoka bara. Mtu wa Lamu akikosea hesabu ana msitu mwingine nyuma yake. Mtu wa Jomvu akikosea, nyuma yake ni barabara.

Sasa tuingie topeni.

Ekari 20 ni kama hekta 8. Kwanza zungukeni mpaka wote kwa miguu mkiwa na simu yenye GPS, mpate ramani na eneo kamili. Msikubali "kama ekari 20". Huenda ni 14, huenda ni 23, na kila hesabu itakayofuata inazidishwa kwa eneo hilo. Pale msipoweza kupita, tumieni picha ya satelaiti. Zile za bure siku hizi zinaonyesha vipande vya mita 10 kwa 10, zinatosha kuona msitu umeishia wapi. Haziwezi kukuambia mti una unene gani wala kama umenyooka, kwa hiyo anayekwambia atapima boriti zako akiwa ofisini mwombe akueleze vipi.

Kisha gawanyeni msitu kwa aina. Nyinyi wenyewe mnajua mikoko haikai ovyo: mlilana hupenda ukingo wa maji, nyuma yake mkoko wenyewe wenye mizizi ya magongo, muia ukijichanganya humo, halafu mkandaa, na mchu nchi kavu kabisa ingawa mwingine utaukuta hata mbele. Na kile mlichopanda ni sehemu ya peke yake. Kila sehemu pimeni mbali. Ukichanganya mkandaa mwembamba uliosongamana na mkoko mkubwa uliotawanyika, utapata wastani ambao haufanani na mti wowote ulio msituni.

Ndani ya kila sehemu mtapima viwanja vidogo vya mita 10 kwa 10. Kimoja ni sehemu moja ya mia ya hekta, ndiyo maana hesabu yake ni nyepesi: miti ya kiwanja kimoja ukizidisha kwa 100 unapata ya hekta. Kwa msitu wenu naona viwanja 20 vinatosha kuanzia. Wekeni mistari inayotoka kwenye maji kuelekea nchi kavu, na kwenye kila mstari kiwanja kwa umbali mliokubaliana mkiwa nyumbani, kwa mfano kila baada ya mita 50. Narudia: mliokubaliana mkiwa nyumbani. Mkifika pale kukawa na tope la kiuno au pengo lililokatwa likabaki uwazi, hapo hapo ndipo kiwanja chenu. Nimeona vipimo vingi vilivyoharibika kwa sababu wapimaji walisogea hatua chache kufuata miti mizuri, na karatasi ikaonyesha msitu tajiri ambao haupo.

Wakati wa kwenda, fuateni maji. Kwa sehemu za mbele ngojeni bamvua: maji hukupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, mtapata muda wa kazi kabla hayajageuka. Sehemu ya mkandaa na mchu iliyo nyuma mnaweza kuipima wakati wa maji mafu, kwa kuwa bahari haifiki huko.

Unene hupimwa kwa tepu ya fundi cherehani. Zungusha kwenye shina, soma mzingo, gawanya kwa 3.14. Mahali pa kuzungushia ni mita 1.3 kutoka chini, usawa wa kifua. Mkoko wenye magongo una kanuni yake: hesabu sentimita 30 juu ya gongo la juu kabisa, hata kama ni juu ya kichwa chako, kwa maana chini ya hapo unapima mizizi. Mchu uliogawanyika chini ya kifua hupimwa kila shina mbali. Miti yenye unene chini ya sentimita 2.5 msiizungushie tepu, itahesabiwa kwa njia nyingine.

Madaraja ya miti wazee wenu wanayajua kuliko mimi, na ninapenda mpime kwa madaraja hayo hayo ya sokoni kwa sababu kila mwanakikundi atayaelewa. Fito ni kuanzia sentimita 2.5 hadi karibu 4. Pau ni 4 hadi 8. Boriti ni 8 hadi kama 13. Nguzo inafika 20, na inayozidi hapo ni banaa. Kwenye tepu yenu tieni alama za wino kwenye mzingo wa sentimita 8, 12.5, 25, 41 na 63; basi anayezungusha anasoma daraja moja kwa moja bila kugawanya chochote topeni. Lakini aandike pia mzingo kamili, kwa sababu mwakani mtauhitaji. Na mkumbuke kwamba mnunuzi hupima mti shinani, ulipokatwa, ambapo ni pana kuliko kifuani. Nyinyi chagueni kifua na mshikilie hapo miaka yote.

Andikeni pia unyoofu: 1 kwa mti ulionyooka, 2 kwa uliopinda kidogo, 3 kwa usiofaa kujengea. Hii ni safu moja tu ya daftari, lakini miaka ikipita ndiyo itakayowaambia kama mnatunza msitu au mnauchambua.

Na visiki. Kila kisiki kilicho ndani ya kiwanja kihesabuni, kibichi mbali na cha zamani, na mzingo wake muupime. Watu huacha visiki kwa kuona haya. Msiache.

Miche inahesabiwa kwenye pembe moja ya kiwanja, mita 5 kwa 5, kwa urefu: chini ya sentimita 40, kisha hadi 150, kisha hadi 300. Watafiti wa mikoko hutumia uwiano wa 6 kwa 3 kwa 1 kama dalili kwamba msitu unajirudishia. Mkikuta miche midogo imejaa lakini ya kati hakuna, kuna kitu kinaiua kabla haijakua: mbuzi, taka za plastiki, tope jipya, au miguu ya watu. Kitafuteni hicho kabla ya kununua miche mingine. Naliweka wazi hili kwa kuwa vikundi vingi hutoa ripoti ya "tumepanda miche elfu kadhaa" na hakuna anayerudi mwaka wa pili kuhesabu iliyobaki hai. Pale panapojirudishia penyewe, kupanda ni kupoteza nguvu.

Urefu wa miti sitaki uwachoshe. Shika fimbo iliyo sawa na urefu wa mkono wako, nyoosha mkono mbele ya jicho, isimamishe wima, rudi nyuma mpaka ifunike mti wote toka shina hadi kilele. Umbali wako hadi kwenye mti ndio urefu wake. Kwenye magongo ya mkoko kurudi nyuma ni taabu, kwa hiyo pimeni miti michache tu katika kila kiwanja.

Sasa hesabu. Nitatumia takwimu za kubuni, kwa mfano tu; zenu zitatoka kwenye daftari lenu.

Tuseme viwanja 20 vimetoa miti 620 ya fito kwenda juu. Wastani ni 31 kwa kiwanja, yaani 3,100 kwa hekta, na kwa hekta 8 ni miti 24,800. Tuseme kati ya hiyo 620, boriti ni 60. Hizo ni 300 kwa hekta, 2,400 kwa msitu mzima. Kwa korija za miti 20, ni korija 120.

Hapa ndipo mkutano wenu utakapopata moto. Mzee atasema: tuna korija 120, tukikata 20 tu kwa mwaka tumekosea nini? Na kwa macho anaonekana ana haki.

Tazama vipimo vya Gazi, kule Kwale. Watafiti walipima shamba la mkoko lililopandwa na kufikisha miaka 12. Walikuta miti 5,132 kwa hekta, wastani wa urefu mita 8.4, na wastani wa unene sentimita 6.2. Miaka 12, na mti wa wastani bado ni pau! Iliyokuwa mbele kuliko yote ilifika sentimita 12.4. Kwa hiyo boriti anayoiona mzee haikujaa kwa msimu mmoja kama mchicha. Ukiikata leo, mrithi wake anahitaji zaidi ya muongo mmoja, na huko Gazi hapana majitaka ya Mombasa wala moshi wa Changamwe.

Ndiyo sababu viwanja vyenu 20 lazima viwe vya kudumu. Kwenye kila pembe simamisheni bomba la plastiki. Kila mti ndani yake uwe na namba yake, kibati kidogo kilichofungwa kwa uzi wa nailoni uliolegea usije ukaukaba mti unapokua, na alama ya rangi pale tepu ilipozungushwa. Rudini mwaka ujao, mwezi ule ule, mpime miti ile ile kwenye alama ile ile. Mti unaokua milimita chache kwa mwaka hauwezi kuonekana kukua ukibadilisha mahali pa kupimia.

Tuseme baada ya miaka 3 mmekuta katika viwanja vyote 20, pau 12 zimevuka zikawa boriti, na boriti 6 zimepotea. Ongezeko ni boriti 6 kwa miaka 3, yaani 2 kwa mwaka, kwenye eneo la viwanja 20 ambalo ni sehemu moja ya tano ya hekta. Kwa hekta ni 10, kwa msitu wote ni 80 kwa mwaka. Korija 4. Wala si zote za kukata, maana hizo ni hesabu za mfano wa miti michache, na mti mmoja au miwili ikihesabiwa vibaya jibu linayumba sana. Mimi ningewaruhusu nusu: boriti 40, korija 2 kwa mwaka.

Nusu nyingine msiione kama hasara. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta tope jingi Mwache likafunika mizizi ya mikoko, ikafa kwa wingi pasipo mtu kuishika kwa shoka. Mwaka wa namna hiyo ukija Tudor, msitu ambao hamkula ongezeko lake lote ndio utakaobaki na cha kujirudishia.

Kisha chunguzeni hizo boriti 6 zilizopotea. Tuseme 1 ilikauka na 5 ni visiki vya panga. Boriti 5 kwa miaka 3 kwenye moja ya tano ya hekta ni karibu 67 kwa mwaka kwa msitu wote. Yaani mwizi anachukua zaidi ya ile korija 2 niliyowaruhusu, na ni karibu sawa na ongezeko lenu zima. Kwa kikundi kilicho mjini naamini hapa ndipo penye faida ya haraka: zamu za kulinda zitawaongezea boriti kabla hamjapanda hata mche mmoja.

Mkifika siku ya kukata kwa kibali, kuna mambo matatu ambayo msiyavunje. Mkoko wenyewe, ule wa magongo, haurudi kuchipua ukikatwa. Kisiki chake hufa. Mchu na mlilana huchipua. Basi kila mkoko mnaoukata lazima pawepo na mche ulio hai chini yake au karibu yake. La pili, ukingo wa maji usiguswe, kwa maana miti ile inavunja mawimbi na kushika tope la wote walio nyuma. La tatu linawahusu wanunuzi wenu: watataka miti namba 1 tu, iliyonyooka. Mkiwapa hiyo peke yake kila mwaka, mtabaki na baba na mama waliopinda ndio wanaoangusha mbegu. Achieni miti minyoofu ya mbegu katika kila sehemu, itieni rangi, na isikatwe hata ikija bei gani.

Tena nadhani wazee wenu wanaangalia upande usio sahihi. Mavuno yenu ya kwanza huenda yasiwe boriti za msitu wa zamani, bali fito na pau za kile mlichopanda. Mkipanda kwa mita 1 kati ya mche na mche, hekta moja ina miche 10,000, na haiwezi kukua yote. Mingine itakandamizwa ife. Kupunguza miti iliyopinda na iliyozidiwa, huku mkiacha iliyo bora nafasi ya kunenepa, ni kazi ya utunzaji inayoleta kitu mkononi na kuharakisha boriti za baadaye. Pelekeni wazo hili kwa afisa wa misitu likiwa na vipimo vya viwanja vya sehemu hiyo. Na kwa anayetaka boriti za kujengea tu, apande mvinje nchi kavu. Kilifi na Kwale watu wanaivuna kwa miaka michache, na Bamburi iliota hata kwenye machimbo ya mawe matupu ambayo sasa ni Haller Park.

Niwageukie vijana. Kaboni ni kweli, si hadithi. Hapo Gazi mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza tangu 2013, kwa hekta 117, takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na pesa zimekwenda kwenye maji na shule za vijiji. Vanga wakafuata 2019 kwa hekta 460. Lakini angalia ukubwa. Hata kama kila hekta yenu ingefanya kama ya Gazi, jambo ambalo hakuna anayeweza kuwaahidi kabla ya kupima, hekta 8 zingetoa kama tani 200. Mkaguzi wa nje anayethibitisha hizo tani ana gharama ambayo haipungui kwa sababu msitu ni mdogo. Peke yenu, pesa zitaishia kwake. Njia yenu ni kuungana na vikundi vingine vinavyozunguka hori, Mikindani na kwingineko, mpime kwa mtindo mmoja, muwe na eneo moja kubwa. Na akija mtu na mkataba wa kaboni, mwulizeni kuhusu sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa 2023: miradi ya ardhi inatakiwa kuipa jamii asilimia 40 ya mapato kwa uchache, kwa makubaliano yaliyoandikwa. Asiyeijua hiyo asikalishwe.

Uzuri ni kwamba vipimo vya boriti na vya kaboni ni vile vile. Kuna kanuni ya watafiti wakiongozwa na Komiyama, ya 2005, ambayo inageuza unene kuwa uzito mkavu wa mti juu ya ardhi: 0.251 mara uzito wa ubao mara unene uliopandishwa kwa kipeo cha 2.46. Nikiweka gramu 0.82 kwa kila sentimita moja ya ujazo kuwa uzito wa ubao wa mkoko, mti wa sentimita 10 una kilo 59 hivi, na wa sentimita 20 una kilo 327. Unene umeongezeka mara mbili, uzito mara tano na nusu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, na ukiizidisha kaboni kwa 3.67 unapata hewa ya ukaa: huo mti mmoja mnene umeshika kama kilo 600. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya vijana, miti mikubwa michache ina thamani kuliko umati wa fito, na kupunguza fito zilizosongamana hakupingani na kaboni kama wanavyodhani. Sehemu kubwa zaidi ya kaboni iko kwenye tope lenyewe. Hilo msilipime, ni kazi ya maabara.

Hapo ndipo nirudi kwenye swali lako la kampuni. Msilipe mtu kuhesabu miti. Ombeni msaada kwa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ambayo makao yake yako hapa Mkomani. Wamepima mikoko ya pwani hii kwa miaka mingi na wanaweza kuwafundisha siku ya kwanza na kukagua viwanja vichache baada yenu. Pesa za kulipa wataalamu wekeni kwa ajili ya tope na ukaguzi wa kaboni, kama mtafika huko mkiwa kundi kubwa.

Mizinga ya nyuki msiifungamanishe na boriti. Mchu ukichanua unawapa nyuki chakula bila kukatwa, na mizinga ikitundikwa kwenye upande ambao wezi hupitia, ni ulinzi pia. Anzeni na michache kwa michango yenu, bila kungoja mauzo.

Ushauri wangu kwa mkutano ujao ni huu: boriti za msitu wa zamani zikae miaka 3 huku viwanja vinapimwa kila mwaka, sehemu mliyopanda ipimwe kwanza, mwaka huu huu, ili ombi la kupunguza fito liwe tayari, na zamu za ulinzi zianze wiki hii. Kwenye timu ya kupima muweke mzee mmoja anayejua miti kwa majina yake, vijana wawili wa tepu na namba, na mama mmoja wa kuandika. Daftari liandikwe kwa penseli, maana wino hufutwa na maji ya chumvi, na kila ukurasa upigwe picha kwa simu kabla hamjatoka topeni.